Dakika Kumi Bila Mlinzi

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi ziambatane na barua hii. Natumai itakukuta mzima, miguu imeacha kuvimba tangu wakubadilishie zamu pale wodini, na kwamba shemeji na wanangu hawajambo. Mwambie mkubwa kwamba mama mdogo wake aliipata ile picha ya farasi, ingawa mimi nilidhani ni mbuzi mpaka Baba aliponisahihisha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Tunakula, tunalala, hatuumwi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Lakini simu yenyewe Baba huwa amekaa nayo ubavuni, na hata akitoka, nikisikia sauti yako ulimi unanikwama. Nimejaribu Jumapili nne mfululizo, na zote nne nimeishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo nakuandikia, na barua namkabidhi jirani yetu mshonaji, anayesafiri kuja huko Alhamisi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujapiga simu.

Jumamosi ya wiki ijayo yule mama fundi saa wa sokoni atakuja kuichukua meza ya kazi ya Baba pamoja na vifaa vyake vyote. Mwisho wa mwezi umemwekea Baba miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, na baada ya hapo abaki kwako moja kwa moja. Tumeyapanga haya sote watatu, na kila mmoja aliyapanga kwa nia njema, isipokuwa mimi.

Acha nianzie kwenye kompyuta. Ulipoituma mwaka jana, uliweka sharti moja tu, kwamba tusiiunganishe na intaneti kabla haijawa na programu nzuri ya kuzuia virusi. Ukasema mimi ndiye nichague, kwa kuwa nashinda mbele ya kompyuta pale zahanati nikiandikisha wagonjwa. Kichwa kikanivimba, sikufichi. Nilimwambia Baba suala hilo ni la dakika tano.

Unamjua Baba. Mtu aliyekaa miaka arobaini akifungua matumbo ya saa za watu hawezi kuambiwa tu kwamba kitu fulani ni kizuri naye akakubali. Aliniuliza ni kizuri kwa kipimo gani. Nikamwambia watu wanakisifia. Akasema watu husifia hata saa iliyosimama, maana mara mbili kwa siku inasema kweli. Kesho yake akatoa kwenye droo ile saa yake ya kupimia mbio, akachora daftari mistari, na uchaguzi wa dakika tano ukachukua mwezi mzima.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila programu ilipewa wiki mbili, kama kibarua anayejaribiwa kazi. Asubuhi mimi nabonyeza kitufe cha kuwashia, yeye anabonyeza saa, tunahesabu ni sekunde ngapi mpaka kompyuta iwe tayari, halafu ni ngapi mpaka kitabu alichokuwa akikiandika kifunguke. Anaandika. Jioni anaandika tena ni mara ngapi siku hiyo programu imemsumbua, na kwa jambo gani. Akazipa na majina. Ile iliyokuja na kompyuta yenyewe akaiita Mwenyeji. Ile ya bure akaiita Mpiga Kelele, kwa sababu kila saa ilitoa kibao chekundu kumtisha kwamba yuko hatarini mpaka anunue ile kubwa yake. Ya kulipia, ambayo unaijaribu kwanza bure siku thelathini, akaiita Mgeni Mpole. Kuhusu Mpiga Kelele alisema mlinzi anayekuamsha kila saa kukuambia kwamba yuko macho, huyo ni wa kufukuzwa, kwa sababu sasa hamlali wote wawili. Tulicheka sana mwezi ule. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama atutoke.

Aliweka pia sheria mbili. Alikuwa amesoma kwamba programu mbili za namna hiyo hazikai kwenye kompyuta moja, zinakabana zenyewe kwa zenyewe huku mwizi akipita. Kwa hiyo ni lazima umwondoe mmoja ndipo umweke mwingine, na hapo katikati kompyuta inabaki bila mlinzi. Sheria ya kwanza ikawa kwamba kabla ya kubadilisha, programu mpya iwe imeshapakuliwa, kisha waya wa intaneti uchomolewe na kutundikwa kwenye msumari ukutani, na usirudishwe mpaka mlinzi mpya awe kazini. Sheria ya pili ilihusu kitabu. Kila Ijumaa mimi nikinakili kwenye flashi, kisha flashi niichomoe niiweke kwenye droo.

Kitabu hicho wewe hukukiona. Alisema hakionyeshi kwa mtu mpaka kiishe. Mimi nilichungulia. Kilifika kurasa mia mbili na kitu, zote kwa vidole viwili. Kila sura ilikuwa saa moja na mwenye nayo: iliharibikaje, aliitengenezaje, na yule mtu alimsimulia nini akiwa amekaa kwenye kigoda anasubiri. Sura ya kwanza ilikuwa ya ile saa ndogo ya Mama, aliyoipeleka kwake imejaa maji ya kufulia, siku ambayo hata jina hawakuulizana. Ameandika kwamba alimdanganya haijakauka, akamwambia arudi kesho, na kesho yake akamwambia arudi keshokutwa. Sikuwahi kujua. Wewe je, ulijua?

Kilichotokea baadaye unakijua, angalau kile tulichokuambia. Jumatatu moja asubuhi Mgeni Mpole akiwa na siku mbili kazini, Baba alifungua barua pepe ya mteja aliyemtumia picha ya saa ya ukutani, akitaka kujua kama inatengenezeka. Picha ikafunguka, na papo hapo skrini ikawa nyekundu, maandishi yakasema mafaili yote yamefungwa na kufuli ambalo ufunguo wake wanao wao. Alinipigia zahanati. Nilidhani kuna msiba, kwa jinsi alivyoongea taratibu. Alisema, "Nimebonyeza kitu, mwanangu. Sikumbuki nimebonyeza nini."

Nilimkuta amekaa mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alinieleza mara tatu alichokifanya, na kila mara akatafuta mahali alipokosea, asipaone. Fundi kompyuta alikuja, akaichukua, akakaa nayo siku tatu, ikarudi safi na tupu. Kitabu hakikupatikana. Flashi nayo ilikuwa imefungwa vilevile, kwa kuwa tangu Ijumaa niliiacha pale pale ilipochomekwa. Hilo la flashi nilikiri siku ile ile, Baba akanipigapiga begani, akasema kila mtu husahau. Kisha akaongeza kwamba yeye ndiye asiyekumbuka hata alichokifanya saa moja iliyopita, kwa hiyo nisijali.

Dada, hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na wala sizungumzii kompyuta. Wiki ile Baba alianza kujichunguza. Akifunga bomba, anarudi kulitazama. Akaandika karatasi na kuzibandika: kwenye jiko, kwenye mlango, kwenye dawa zake za presha. Wateja wakija na saa aliwaambia mkono upo ila kichwa hakina uhakika, na kwamba mtu asiyekumbuka alichobonyeza hawezi kukabidhiwa springi ya saa ya marehemu baba wa mtu. Wakaanza kwenda sokoni. Siku moja nilimkuta anaitazama picha ya Bibi, na bila kugeuka akaniambia Bibi naye alianza hivi hivi, kwa kitu kidogo, mpaka mwisho akawa anawaamkia wanawe shikamoo. Kompyuta hakuigusa tena. Nimeifunika kwa kitambaa.

Ukaanza kuniuliza kwenye simu kama kuna dalili nyingine. Wewe ni muuguzi, ulikuwa na haki ya kuuliza, na swali lenyewe lilikuwa la mapenzi. Nikakujibu kwamba ndiyo, zipo. Nikakuambia aliacha birika jikoni mpaka likakauka. Nikakuambia aliniita kwa jina lako. Nikakuambia alipoteza miwani iko usoni. Kila nilichokuambia kilitokea, Dada, lakini birika limekaukia jikoni kwetu tangu tuko wadogo, na Baba hajawahi hata siku moja kuniita mimi kabla ya kupitia jina lako na la paka. Miwani usoni hutafuta hata mimi. Nilikuwa nakuokotea vitu vya kawaida na kukupangia kama ushahidi. Wewe ukaenda kumtafuta daktari.

Sasa nikuambie kwa nini nilifanya hivyo, na hapa naomba unisome polepole kwa sababu naandika polepole.

Baba hakubonyeza kitu. Ilikuwa Jumamosi iliyotangulia, mchana, siku ya kumwondoa Mpiga Kelele na kumweka Mgeni Mpole. Baba alikuwa amekwenda kunyolewa, akaniachia kazi, akasema ananiamini. Nilimwondoa Mpiga Kelele. Waya ulikuwa kwenye msumari. Na Jumatatu pale zahanati tulikuwa tunamuaga matroni wetu anayestaafu, kadi ya kumuaga nilikuwa nimeahidi kuitengeneza mimi, tena kwa maringo, nikiwaambia wenzangu wasihangaike kwa kuwa nyumbani tuna kompyuta ya maana. Programu ya kutengenezea kadi ilikuwa ya kununua, ila nilishaona mahali inapotolewa bure, ikiwa imevunjwa kufuli. Maelezo yalisema kwanza uzime kinga yako, kwa sababu italalamika bila sababu. Nikajiambia, mbona bahati, leo hakuna hata wa kulalamika. Nikauchukua waya kwenye msumari. Nilisema ni dakika kumi tu.

Zikawa dakika kumi kweli. Nikaipakua, nikaifungua, nikatengeneza kadi yenye maua pembeni, nikaichapa. Nikafuta ile programu, nikarudisha waya kwenye msumari, nikamweka Mgeni Mpole. Baba akarudi na kichwa chake kinang'aa, akachukua saa yake, tukahesabu sekunde. Matroni alilia alipopewa kadi. Nilipongezwa na zahanati nzima saa nne asubuhi, na saa tano Baba akanipigia simu.

Fundi kompyuta aliniambia peke yangu, pale dukani kwake, siku nilipoifuata. Alisema mwizi aliingia Jumamosi ndani ya ile programu ya kadi, akakaa kimya siku mbili, na huyo mlinzi mpya aliajiriwa mwizi akiwa tayari uvunguni. Ile picha ya saa ya mteja ilikuwa picha tu, imeangukia saa mbaya. Akaniambia, "Mzee hana kosa hata chembe, mwambie asijisumbue." Nilimwomba asimwambie yeye, nikasema mwenye kusema ni mimi. Nilikusudia kusema jioni ile ile. Nilipoingia ndani Baba akanitangulia, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, Dada, kwa kuharibu kazi tuliyoifanya pamoja mwezi mzima. Nikaenda jikoni kuosha vyombo badala ya kusema. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na kesho kutwa zaidi, na ulipoanza kuuliza dalili nikaona afadhali iwe kweli anasahau. Maana kama anasahau kweli, basi sijamfanya kitu. Hiyo ndiyo roho niliyokuwa nayo. Imepita miezi minne.

<i>Sasa nakuomba wewe, kwa kuwa ni mkubwa na anakusikiliza, umpigie umwambie kwa</i>

Dada, hayo maneno ya hapo juu nimeyaacha uyaone. Niliyaandika juzi Jumapili, nikayatazama, nikaikunja barua nikaitia mkobani. Nilitaka nikutume wewe ukambebee Baba mzigo wangu. Leo ni Jumanne, naendelea, na mambo yamebadilika.

Yule mama fundi saa alikuja leo asubuhi, kabla ya siku yake, akasema anataka kuviona vifaa ili ajue alete gari la ukubwa gani. Ni mtu wa heshima sana. Alimwamkia Baba shikamoo na kumwita mwalimu, ingawa hakufundishwa naye. Baba akamketisha kwenye kigoda cha wateja, akaanza kumkabidhi kimoja kimoja. Bisibisi ndogo kuliko zote, akamwambia ncha yake inolewe kwa jiwe laini tu. Vile vibanio, akamwambia kipi ni cha springi na kipi hakigusi springi abadani. Kichupa cha mafuta, akamwambia tone moja linatosha saa tatu za mkono. Hakusahau hata kimoja, Dada. Alijua kila kijidroo kina nini, kimenunuliwa mwaka gani, na nani alikikalia kikapinda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Mwisho akaitoa ile lenzi yake ya jichoni, akaifuta kwa shati, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama. Halafu akageuka kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa aibu, kama alikuwa ameshamwonyesha ile droo ya vioo au bado, maana hataki kumchosha mgeni kwa kurudia. Alikuwa hajamwonyesha. Alijua kwamba hajamwonyesha. Ila hakujiamini tena bila mimi kumthibitishia.

Niliweka sinia chini, nikasema mbele ya mgeni, "Baba, hukubonyeza kitu. Ni mimi."

Nikasema yote, waya, kadi, fundi, na yale niliyokuwa nakuambia kwenye simu. Yule mama aliinamisha kichwa akawa anatazama vifaa. Baba hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza, "Ile barua ya mteja?" Nikamwambia ilikuwa picha ya saa tu. Akasema, na hata sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu, "Miezi minne hii nimekuwa nikizitazama sura zenu nizikariri, ili zikianza kupotea niwe nimezishika vizuri."

Akamwomba yule mama radhi kwa usumbufu, akanyoosha mkono, akarudishiwa lenzi. Yule mama naye, nahisi kwa kutaka kumpa mtu njia ya kupumua, akasema basi kwa kuwa amekuja, ana saa moja ya mteja imemshinda wiki ya pili. Akaitoa mkobani. Wameinamia hiyo saa mpaka adhuhuri, na mimi chai yangu hawakuigusa.

Kwa hiyo meza haiendi popote. Kwa daktari Baba anasema atakwenda, ili na wewe roho yako itulie, ila anakuja kwako kama mgeni na atarudi baada ya wiki mbili. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokuwa nakipanga, kumtoa nyumbani kwake mtu mwenye akili zake timamu. Kitabu sijathubutu kukitaja. Karatasi bado zimebandikwa jikoni; nilitaka kuzibandua akanikataza, akasema atazibandua mwenyewe.

Wewe nimekukosea kwa namna yako. Nimekulaza macho bure, nimekufanya umlilie mzee ambaye hajaenda kokote, na nimeutumia uuguzi wako dhidi yako. Sikuombi unijibu haraka. Ukinyamaza Jumapili kadhaa, nitaelewa.

Mchana huu nilimwambia kwamba nakuandikia na nikamuuliza kama ana neno. Alikuwa na lenzi jichoni, hakuinua kichwa. Akasema, "Mwandikie yote, usipunguze. Ila usimwambie kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe bado."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Nisalimie shemeji, na uwabusu wanangu wote kwa niaba yangu. Mungu akulinde kazini na nyumbani. Kwaheri ya kuonana.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda